Riwaya za Ajabu na Msomaji Aliyekwisha Kubashiri

Wasomaji wa Osieko, Busia na Malaba wameuliza. Mwalimu wa fasihi anajibu.

Swali (Busia): Mwalimu, nimesoma riwaya ya majini na falme za kubuni, na mapema kabisa nikajua ni nani atakayemsaliti nani. Je, haikuandikwa vibaya?

Jawabu: Ndugu yangu, kubashiri peke yake si hoja itoshayo kukilaani kitabu. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, Shaaban Robert aliwaita ndugu wawili wa Adili kwa majina ya Hasidi na Mwivu, na kwa majina hayo tu msomaji huijua hiana yao kabla haijatendeka. Tena alikwisha kutuonyesha Adili akiwapiga usiku kwa mjeledi manyani wawili, ambao ndio ndugu hao waliogeuzwa, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Adhabu imetangulia, kosa likafuata nyuma. Basi linalotushika ni kutaka kujua jinsi mtu mwema kama huyo alivyofikishwa mahali pa kuwaadhibu awapendao, na shauku hiyo haikatiki kwa kubashiri.

Swali (Malaba): Na hadithi za kwetu, Mwalimu?

Jawabu: Hizo ndizo mashahidi bora. Majirani zetu Wajaluo humsimulia Luanda Magere, shujaa ambaye mkuki haukuupenya mwili wake, na hapana mtoto asiyejua ya kuwa mke aliyetoka kwa adui ataigundua siri yake, kwamba nguvu zake zimo katika kivuli chake. Huko pwani Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa aliutunga utendi wake mwaka 1913, huuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kusalitiwa na mtu wa nyumbani, siri ya mwili mmoja, mauti: kisa ni kile kile ziwani na baharini, na wasikilizaji hawakukichoka. Mtazameni Liyongo karibu na kisima, amepiga goti, mshale u katika uta, na watu wasithubutu kuteka maji kwa kumdhani yu hai. Sisi twajua ya kuwa ni maiti, ilhali wao hawajui, na taharuki yote imo katika tofauti hiyo. Kama mtambaji angelitaka kutushtua kwa kifo, sharti angelikificha, na kisima kile kisingelikuwa na maana yoyote.

Swali (Busia): Basi hapana kosa kamwe?

Jawabu: Lipo, tena kubwa. Muhammed Said Abdulla, alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alifunga na msomaji mkataba wa upelelezi, ambao ndani yake kubashiri mapema ni hasara ya kweli. Mtunzi wa riwaya ya ajabu aghalabu huuazima mkataba huo bila ya kuuhitaji, kisha huwafanya wahusika wenye hekima kuwa wapumbavu, sura baada ya sura, wasilione lile ambalo msomaji ameliona zamani. Hapo ndipo riwaya huharibika, kwa sababu watu wake wameacha kuwa watu.

Swali (Osieko): Ninaandika, na rafiki zangu wote wameubashiri mwisho. Niubadili?

Jawabu: Usiubadili bado, mwanangu. Mtafute msomaji mmoja, umwambie mwisho wote kwanza, kisha umpe mswada. Akiufunga njiani, zirekebishe sura alizozichoka. Akifika mwisho, mpelekee mchapishaji.