Kifundo Kilichoteguka Hakikandwi

*Swali: Daktari, mwanangu wa kiume, umri wake miaka 13, aliteguka mguu akicheza mpira, na leo ni siku ya tisa. Jirani yetu, ambaye ni mkandaji anayejulikana mtaa mzima, humkanda kila asubuhi kwa maji ya moto na chumvi, kisha humpaka mafuta ya nyonyo na kuuvuta mguu, kwa kuwa anasema mshipa umepandiana. Tunaamini hajavunjika, maana vidole vyote anavichezesha. Lakini uvimbe haujaisha, kukanyaga hawezi, na usiku analia. Je, tuendelee kumkanda mpaka lini? Mama wa Pangani.*

Mama, jawabu lako ni fupi, nami nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maelezo: kukanda kukome leo, na kesho asubuhi, kabla ya shughuli nyingine yoyote, mtoto apelekwe hospitali yenye mashine ya eksirei. Yanayofuata ni sababu za jawabu hilo, na nitayaeleza kwa wasaa kidogo, kwa kuwa barua za namna hii hunijia mwaka hata mwaka, na watoto wenyewe huletwa kwetu wakati ambapo jambo lililokuwa sahali limekwisha kuwa zito.

Watu wetu, wa pwani na wa bara, wamerithi itikadi kwamba kifundo kinapopinda ghafla na kuvimba, ndani yake kuna mshipa ulioruka kutoka mahali pake ukampandia mwenziwe, na kwamba mkono wa mjuzi, ukisaidiwa na maji ya moto na mafuta, unaweza kuusaka na kuurudisha. Itikadi hiyo haina asili. Kile kinundu kinachoteleza chini ya kidole gumba cha mkandaji, ambacho yeye hukiita mshipa, aghalabu ni damu iliyoganda, au kano iliyovimba, na mara nyingine, Mungu apishe mbali, ni ncha ya mfupa uliovunjika, ambao kila ukisukumwa husogea zaidi kutoka kwenye ndugu yake.

Sitakuchosha kwa majina ya mifupa 26 iliyomo katika kila mguu, kwani hayatakusaidia kitu usiku wa leo. Shika hili tu: lile jicho la mguu la upande wa nje limefungwa na mifupa ya chini yake kwa kano, ambazo nyuzi zake zimesokotana mithili ya kamba ya ukindu; mguu unapopinduka kwa ndani, nyuzi hizo huvutika kupita kiasi na kukatika, chache au zote, na vimishipa vya damu vilivyomo hupasuka, ikawa damu inavuja chini ya ngozi. Huo ndio uvimbe uliouona siku ya kwanza, na ndio weusi unaotelemka mpaka ubavuni mwa wayo siku ya pili au ya tatu. Maji ya moto katika siku hizo za mwanzo huitanua mishipa, na damu iliyokuwa karibu kuganda hupata njia ya kuvuja tena; na baadaye, nyuzi zinapokwisha kuanza kuungana, kidole gumba kinachosugua kwa nguvu huzikata upya, hata kila asubuhi mtoto akarudishwa kwenye siku ya kwanza ya maumivu yake.

Utaniuliza, mbona fulani alikandwa akapona? Naam, alipona, na angepona vilevile lau asingekandwa, kwa sababu vifundo vingi vilivyoteguka hupona vyenyewe katika wiki chache, na sifa ya kupona ikamwendea yule aliyekuwepo na kopo la mafuta mkononi. Waliopona husimulia barazani. Aliyebaki na kilema hukaa ndani, na habari yake haimfikii mtu. Simtuhumu jirani yako kwa nia mbaya, kwani wengi wa wakandaji ninaowafahamu ni watu wa huruma wasiopokea ila kidogo, lakini mkono wa binadamu, hata uwe na tajriba ya miaka arobaini, hauoni ndani ya mfupa.

Ama hiyo hoja ya vidole, mama, naisikia karibu kila siku, na kwa insafu yote nasema imewapa vilema watu wengi. Misuli mikubwa inayochezesha vidole haikai kifundoni. Imekaa juu, katika shavu la mguu na mbele ya muundi, na kano zake ndefu hupita kifundoni tu zikielekea mbele. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amevunjika jicho la mguu kabisa, na vidole vyake vyote vitano vikacheza bila taabu. Kuchezesha vidole si ushahidi wa mfupa mzima, asilan.

Kwa mtoto wa umri wa mwanao hadhari huzidi. Karibu na ncha za mifupa ya watoto kuna gegedu la kukulia, nalo ni dhaifu kuliko kano zilizo jirani nalo, hivyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingekata kano, kwa mtoto huweza kupasua gegedu hilo; na likiharibika, mfupa huweza kukua kwa kupinda, au ukawa mfupi kuliko mwenziwe. Fauka ya hayo, mifupa ya watoto huunga upesi, ikiwa imenyooka au ikiwa imepotoka, na ndiyo maana kila siku inayopita humpunguzia daktari ikhtiari.

Yako yaliyo mabaya zaidi ya kukanda. Nilimpokea kijana mgema aliyeanguka mnazini, muundi wake umefungwa vijiti vya mianzi kwa tambara la khanga lililokazwa mafundo matatu, naye amelala nyumbani siku nne akiambiwa kwamba maumivu ndiyo dalili ya mfupa kuunga. Tulipolikata lile tambara, alama za vijiti zilikuwa zimezama nyamani, vidole baridi, rangi yake ya majivu, na nilipomgusa kwa ncha ya sindano hakuhisi kitu. Misuli ya mguu imezungushiwa utando usiotanuka. Shinikizo likizidi humo damu haipiti, na misuli huanza kufa katika muda wa takriban saa 6. Mfupa wenyewe ungetibika kwa plasta na subira. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, walichapisha kanuni ambazo matabibu tunazitumia mpaka leo kuamua nani apigwe picha. Tabibu hubonyeza ukingo wa nyuma wa jicho la mguu, la nje na la ndani, sentimita 6 za mwisho, kisha ule mfupa uliochomoza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, na ule ulio juu ya upinde wa ndani; pakiuma papo hapo juu ya mfupa, au mgonjwa akishindwa kupiga hatua 4 hata kwa kuchechemea, picha ni lazima. Mwanao, kwa maelezo yako mwenyewe, hakanyagi mpaka leo.

Na mtu asidhani kwamba kupotoka kidogo hakudhuru. Mwaka 1976 watafiti Ramsey na Hamilton walipima vifundo wakakuta kwamba mfupa unaobeba muundi ukisogea milimita 1 tu kwa nje, eneo ambalo mifupa hiyo hugusana hupungua kwa asilimia 42. Uzito wote wa mwili ukaelemea sehemu ndogo, na gegedu likalika kabla ya wakati wake.

Najua nauli na gharama ya picha si kitu kidogo, na pengine ndizo zilizokuchelewesha. Lakini kuakhirisha hakuzipunguzi, kwani mfupa ulioungana vibaya hutaka upasuaji, na huo ndio ghali.

Kesho, mzungushie mguu mto laini kutoka chini ya goti mpaka wayoni, uufunge kwa kitambaa kipana pasipo kukaza, asikanyage chini, wala asipakiwe bodaboda mguu ukining'inia. Usiku huu auinue juu ya mito. Na akifungwa plasta, mtazame vidole kila saa siku ya kwanza: vikiwa baridi, vikifa ganzi, au akalia maumivu makali unapovinyoosha, mrudishe hospitali usiku huohuo, usingoje tarehe uliyoandikiwa ya kliniki.