Kicheko cha Watani Msibani

Baadhi ya ndugu wapya huuliza: Je, mzaha wa watani msibani si ile dhihaka iliyokatazwa na Kurani Tukufu katika Sura Al-Hujurat?

Kwanza tutazame asili yake. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na misafara ya pembe, wakipita katika nchi ya Wazaramo. Mgeni na mwenyeji wakahitajiana, ndipo utani ukastawi. (Jina lenyewe la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.) Basi akifa Mzaramo mtaani humo, mtani wake Mnyamwezi huja akamwigiza marehemu mwendo na sauti, akadai deni lisilokuwapo, hata mfiwa aliyekataa chakula akacheka, akala. Na mtani huyo hushiriki kazi za mazishi.

Robin Dunbar wa Oxford na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, walionyesha ya kuwa waliocheka pamoja waliweza kustahimili maumivu zaidi.

Kwa maoni yangu, dhihaka iliyokatazwa humdhalilisha mtu. Mtani huja kumwinua aliyeanguka kwa huzuni, naye siku ya msiba wake atataniwa vivyo hivyo. Lakini maneno yale yale yakitamkwa na asiye mtani ni matusi, nayo huzusha ugomvi mbele ya jeneza.