Kifua Kikuu cha Utando wa Ubongo: Kwa Nini Kuua Bakteria Hakutoshi

Mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, akichomwa na mwiba wa samaki, kidole chake huvimba, huwa chekundu na kuuma. Chembe nyeupe za damu zimekusanyika hapo kupambana na vijidudu. Kidole kina nafasi ya kuvimba. Ubongo, uliofungiwa ndani ya fuvu, hauna.

Mara chache, bakteria wa kifua kikuu husafiri kwa damu kutoka mapafuni hadi kwenye utando unaoufunika ubongo. Mwili hujihami vikali mno. Majimaji mazito kama usaha hujikusanya chini ya ubongo, yakaziba njia za maji yake. Mishipa ya damu ipitayo humo nayo huvimba na kuziba. Mgonjwa huweza kupooza au kupoteza fahamu. Kabla ya streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, karibu wagonjwa wote walikufa. Tena bakteria wanapouawa na dawa, mabaki yao huweza kuchochea uvimbe upya, na mgonjwa akazidiwa hali anatibiwa.

Hivyo matibabu yana kazi mbili. Dawa za kifua kikuu huua bakteria, kwa kawaida kwa miezi 12. Deksamethasoni, inayofanana na homoni ya tezi za adrenali, hutuliza uvimbe. Katika utafiti wa Vietnam uliotangazwa mwaka 2004, wagonjwa 545 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya waliopewa deksamethasoni walikufa asilimia 32 hivi. Kati ya waliopewa dawa bandia, asilimia 41. Ulemavu mkubwa, kwa bahati mbaya, haukupungua. Mwaka 2023 utafiti mwingine, wa watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, haukuthibitisha faida hiyo kwao.

Deksamethasoni hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki 6 hadi 8. Haikatwi ghafla, kwani tezi za adrenali, zilizozoea kupumzika, huchelewa kurudia kazi. Ikitolewa peke yake, huwaachia bakteria uwanja.

Tatizo kubwa ni kuchelewa. Homa, kichwa kuuma na kukonda kwa wiki kadhaa hudhaniwa kuwa malaria. Shingo ikikakamaa, mgonjwa wa Kibirizi apelekwe upesi Hospitali ya Maweni, mjini Kigoma. Ugonjwa hutambuliwa kwa kupima maji yanayovutwa mgongoni kwa sindano, na wengi huikataa wakihofia kupooza. Sindano hiyo huingizwa kiunoni, chini ya mahali neva kuu ya mgongo inapokoma.