Kuwakumbuka Marehemu Wetu Tukiwa Ugenini

SOMO LA FAMILIA

Masomo: Mwanzo 50:22–26, Kutoka 13:19, Yoshua 24:32, Kumbukumbu la Torati 34:5–8, 1 Wathesalonike 4:13–18.



Tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi kwa ndugu zetu waliotoka Kongo. Kule nyumbani, asubuhi watu hubeba majembe na fagio kwenda kusafisha makaburi ya baba na mama. Baadaye hurudi kula pamoja na wazazi walio hai. Huku ugenini siku hiyo ni nzito. Kaburi liko ng’ambo ya mpaka. Wengine walizikwa njiani, na wapo ambao hatujui walipolala. Basi wazazi wengi huamua kunyamaza, na mtoto aliyezaliwa Uganda anakua bila kujua hata jina la babu yake. Je, pasipo kaburi tunaweza kumheshimu marehemu?

1. Mfano wa Mengo

Ukifika Mengo, Kampala, utaona Lubiri, jumba la Kabaka wa Buganda. Mwaka 1966 jeshi la serikali lililivamia, naye Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza. Alifia London mwaka 1969, mbali na kwao. Mwaka 1971 mwili wake ulirudishwa ukazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya baba zake. Babu yake, Mwanga II, naye alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akarudishwa mwaka 1910.

Jirani na Mengo kuna kilima cha Namirembe. Hapo amezikwa Askofu James Hannington, Mwingereza aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Mwanga huyo huyo. Mifupa yake ililetwa Namirembe mwaka 1892. Yeye hakurudishwa kwao. Wanaomkumbuka hapa kila tarehe 29 Oktoba si watu wa ukoo wake, ni kanisa. Kumbe mtu akifia ugenini, jamaa ya waamini inaweza kuwa ukoo wake.

2. Biblia inasema nini?

Yusufu alifia Misri, akawaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake huko. Musa aliibeba walipotoka, nayo ikazikwa Shekemu baada ya safari ndefu. Kutamani kulala kwenu si dhambi.

Lakini tazameni: Musa aliyebeba mifupa ya mwenzake, kaburi lake mwenyewe halijulikani. Waisraeli walimlilia siku thelathini, kisha wakaendelea na safari. Hawakuwa na kaburi la kusafisha, ila jina lake na mafundisho yake waliyabeba hadi leo. Kwa hiyo, akina baba na akina mama, kukosa kaburi si laana wala si aibu. Aliyezikwa porini hakupotea machoni pa Mungu.

3. Kukumbuka si kuabudu

Watu wa Mexico huwakumbuka wafu wao tarehe 1 na 2 Novemba. Huandaa meza yenye picha, mishumaa, maua ya rangi ya machungwa na chakula alichokipenda marehemu. Waliohamia miji ya Marekani kama Los Angeles na Chicago huandaa meza hiyo huko huko, kwa sababu makaburi yako mbali. Wengi wao husema roho za wafu huja kutembea usiku huo.

Hapo sisi tunaweka mpaka. Kumbukumbu la Torati 18:10–12 inatukataza kuwaita wafu au kuwauliza neno. Hatusemi na marehemu, tunasema juu yake. Lakini kutunza picha, kutaja jina na kusimulia maisha yake hakuvunji amri yoyote. Tusiogope ushirikina hata tukawanyima watoto historia yao.

4. Tufanye nini nyumbani?

• Chagueni siku moja kwa mwaka. Andikeni katika daftari majina ya marehemu wa baba na wa mama, kijiji chao, na mwaka waliofariki kama mnaujua.
• Kila mkubwa asimulie jambo moja la kweli: kazi aliyoifanya marehemu, methali aliyoipenda, jinsi alivyocheka. Msianze na jinsi alivyouawa. Mtoto ajue kwanza jinsi alivyoishi.
• Mshukuruni Mungu kwa maisha yake. Kisha tendeni wema kwa jina lake, kama kumpelekea mjane jirani sahani ya chakula.
• Aliyepotezana nanyi, ambaye hamjui kama yu hai, msimwandike pamoja na wafu. Mpeni ukurasa wake na mwombeeni. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta ndugu waliopotezana, na huduma hiyo ni bure.
• Anayelia asinyamazishwe. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Watoto wetu wanajua majina mangapi ya wazee waliotutangulia?
2. Ni desturi gani ya kwetu tunaweza kuiendeleza hapa bila kuvunja imani, na ipi tuiache?
3. Ni nani jirani yetu anayelia peke yake, asiye na ukoo karibu?

Bwana awafariji wote wenye msiba, na awape nguvu ya kusimulia.