Daftari Kwanza, Ndege Baadaye: Mafunzo Niliyopata Nikilea Klabu ya Sayansi

Nimekuwa mlezi wa klabu ya sayansi katika sekondari moja jijini Mwanza kwa muda wa kutosha kuona vijana wenye vipaji wakikwama kwa mambo yasiyohusiana kabisa na vipaji vyao. Watu wakisikia mashindano ya kimataifa huwaza maroboti na kompyuta za bei mbaya. Mimi siku hizi huwaza karatasi.

1. Tatizo litoke mtaani kwao

Mwaka 2015, Mtanzania Askwar Hilonga alishinda tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la maji. Hakwenda mbali kutafuta tatizo. Maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floraidi nyingi, na anayetaka ushahidi atazame meno ya kahawia ya watu waliokulia kule. Vijana wangu wengi huja wakitaka kuunda droni. Huwauliza: mtaani kwenu nani anaisubiri?

2. Kisichoandikwa hakikufanyika

Kikundi kimoja cha kidato cha tatu kilitengeneza kikaushio cha dagaa cha nguvu ya jua: sanduku la mbao, nailoni angavu juu, bati lililopakwa rangi nyeusi ndani, matundu ya kuingizia hewa chini na ya kuitoa juu. Hewa ikipata joto hupanda na kuondoka na unyevu. Kazi nzuri. Wakaniambia dagaa wanakauka haraka. Haraka kuliko nini? Wakatazamana.

Tukaazima mizani kwa mwenye duka, tukagawa dagaa wa ndoo moja: kilo moja sandukuni, kilo moja juu ya mchanga kama ilivyo desturi ya wengi ziwani. Kila saa wanapima na kuandika, pamoja na hali ya hewa. Wale wa mchangani ilibidi wapepetwe kwanza, maana mchanga ulikuwa unaongeza uzito, na hilo nalo likaandikwa. Mchana mvua ikanyesha. Mmoja akataka kuchana ukurasa ule kwa kuwa jaribio "limeharibika". Nikamkatalia. Majaji wa mashindano walipokuja hawakuhangaika na bango lenye rangi. Waliufungua ukurasa ule ule wakaganda hapo, kwa sababu ulionyesha dagaa wa mchangani wakirudi kuwa wazito huku wa sandukuni wakiendelea kukauka.

Tangu hapo klabu yetu ina sheria: kaunta buku moja kwa kila mradi, tarehe kila siku, peni badala ya penseli, kosa linakatwa kwa mstari mmoja na karatasi haichanwi.

3. Kibali hutangulia jaribio

Maonyesho ya ISEF, yanayokutanisha vijana wa sekondari kutoka nchi nyingi huko Marekani kila Mei, yana kanuni nene. Utafiti unaohusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vimelea hatari hukaguliwa na kuidhinishwa kabla haujaanza. Kuotesha bakteria nyumbani ni marufuku. Timu haizidi watu 3. Kijana anayegawa dodoso kwa majirani kisha ndipo atafute saini amejitoa mwenyewe, hata kama wazo lake ni la dhahabu. Kanuni hizo zipo mtandaoni bure. Tunazisoma siku ya kuchagua wazo.

4. Aeleze mwaloni kabla ya kueleza ukumbini

Tunakiogopa mno Kiingereza. William Kamkwamba wa Malawi, aliyeunda kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na mabaki ya vyuma, alialikwa kwenye mkutano wa TED mjini Arusha mwaka 2007. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha na maneno yake machache, lakini kinu kilikuwepo na ukumbi ukamwelewa. Mwaka 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani.

Hatari kubwa ni kukariri. Mwanafunzi aliyemeza hotuba, jaji akimkatiza, huanza upya tangu salamu. Kwa hiyo vijana wangu huanza kwa Kiswahili, mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, mbele ya akina mama wauza dagaa. "Hilo sanduku linaingiza ndoo ngapi, mwanangu? Na nailoni ikichanika?" Nimekaa kwenye maonyesho mengi, na maswali makali kuliko hayo sijayasikia. Aliyeyajibu hayo, Kiingereza kitamfuata.

5. Majina yafanane, na mzazi aombwe

Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, rejista ya shule ina matatu, na herufi za jina la baba hazifanani popote. Kurekebisha ni kiapo, foleni na wiki kadhaa, wakati mwaliko wa mashindano ya nje huwa umeshafika. Pasipoti ni shilingi 150,000, na kwa familia nyingi hiyo ni ada ya mambo mengi. Kwenye mahojiano ya viza kijana ataulizwa atarudi kufanya nini. Ajibu mwenyewe anasoma wapi na mtihani wake ni lini.

Mzazi naye huombwa ruhusa, haarifiwi. Hasa mzazi wa msichana. Ukimfikia na barua iliyokwisha pigwa mhuri, atakataa, na mimi simlaumu.

6. Hataza isiwatoe usingizi, ila msiropoke

Miradi mingi ya shule haihitaji hataza. Michache inayohitaji isianikwe Instagram kabla ya kufika BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa sababu katika nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya, uvumbuzi uliokwisha kuonyeshwa hadharani huhesabiwa si mpya tena.

Kwa wafadhili mnaotuuliza shule zetu zinahitaji nini: kompyuta tunashukuru, ila safari hii tununulieni mizani nzuri, na mlipie vyeti vya kuzaliwa na pasipoti za vijana wachache walio tayari.