Mtoto Mtundu Akiumia: Wajibu wa Mzazi

Mtoto mwenye afya njema hatulii mahali pamoja. Shambani hupanda miembe na mipera na kuruka mitaro. Mjini hukimbiza gurudumu na kupanda kuta. Utundu huo si ubaya. Kwa kupanda na kuruka mtoto hupata nguvu za mwili, hujifunza kupima umbali kwa macho, na huondokana na woga. Lakini mtoto wa namna hiyo hakosi kuanguka siku moja, na siku hiyo hutahiniwa mzazi kuliko mtoto.

Mfano ni huu. Mvulana wa miaka 9 ameanguka kutoka mwembeni, na mkono wake umevimba na kupinda kati ya kiwiko na kifundo. Mama anapiga mayowe, jirani anashauri mkono ukandwe kwa maji ya moto, na baba anatafuta fimbo. Wote wanampenda, lakini hakuna hata mmoja anayemsaidia.

Jambo la kwanza ni utulivu. Mtoto aliyeumia huutazama uso wa mzazi wake kabla ya kulitazama jeraha lake, na akiona hofu, maumivu yake huzidi. Yafaa mzazi apige magoti karibu naye, aseme naye polepole, na kumwuliza panapouma. Akilalamika shingo au mgongo, asiinuliwe kwa haraka, bali alazwe kimya mpaka wapatikane watu wa kumbeba juu ya ubao, kichwa na mwili vikiwa vimenyoka pamoja.

Jambo la pili ni kujua la kufanya. Mfupa uliovunjika haukandwi wala hauvutwi. Mkono uachwe jinsi ulivyo, utegemezwe kwa ubao mwembamba au gazeti lililokunjwa, ufungwe kwa kitambaa, kisha utundikwe shingoni kwa leso. Kitambaa kisikazwe mno. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, kilegezwe mara moja. Kwani damu ikizuiliwa kwa muda mrefu nyama hufa, na huenda mkono ukakatwa. Mtoto apelekwe hospitali bila kulishwa njiani, maana huenda daktari akahitaji kumtia usingizi ili aunyoshe mfupa.

Jeraha litokalo damu nyingi hugandamizwa kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Jeraha dogo huoshwa kwa maji safi na sabuni. Lisipakwe udongo wala samadi, kwa kuwa humo ndimo wakaamo vijidudu vya pepopunda; na mtoto ambaye hakumaliza chanjo zake apelekwe zahanati upesi. Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa siku 2, hata kama hana jeraha. Akizimia, akitapika mara kwa mara, akishikwa na kifafa, au akisinzia kiasi cha kutoamshika, apelekwe hospitali saa ile ile.

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuiweka fimbo chini. Wahenga walisema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Maneno hayo ni ya kweli, lakini wakati wake ni kabla ya kuanguka, si baada yake. Mtoto apigwaye kwa sababu ameumia hajifunzi kutoumia, hujifunza kuficha. Mwaka ujao atakanyaga msumari na kunyamaza, na mzazi hatajua lolote mpaka mguu umevimba na homa imepanda. Hapo kinachomponza si msumari tu, bali pia hofu ya baba yake.

Wala haifai baba na mama kulaumiana, au mmoja kujilaumu usiku na mchana. Hakuna mzazi awezaye kuwa chini ya kila mti. Mfupa wa mkono wa mtoto huunga upesi kuliko wa mtu mzima, mara nyingi kwa muda wa majuma 6 hivi. Lakini nyumba iliyoingiwa na lawama huchukua muda mrefu zaidi kupona.

Mkono ukishapona, wakati wa mafundisho umefika. Mzazi mwenye busara hamkatazi mtoto miti yote, maana atapanda kwa siri. Humwonyesha tawi kavu na tawi bichi, humfundisha kulijaribu tawi kabla ya kulikanyaga, na kutopanda mti uliolowa mvua. Yaliyo ya hatari kubwa, kama kisima, mto uliofurika na barabara ya magari, huyakataza wazi na kueleza sababu. Mtoto aliyelelewa hivyo ataendelea kuwa hodari, na akiumia tena atakimbilia nyumbani badala ya kujificha.