Mgeni katika shule ya Wajapani

Watoto, tazameni ramani ya dunia. Upande wa mashariki kabisa, kupita nchi ya China, mnaona visiwa vingi baharini. Nchi hiyo ni Japani, na mji wake mkuu ni Tokyo. Huko mtoto huanza shule ya msingi akiwa na miaka sita, naye husoma humo miaka sita. Mwaka wa shule huanza mwezi wa Aprili.

Leo tusome habari ya kijana mmoja wa Antwerpen, mji wa Ubelgiji. Alikwenda Japani kusoma mwaka mmoja katika chuo kikuu, akajifunza Kijapani kidogo. Siku moja aliombwa aitembelee shule ya msingi, kusudi watoto wamwulize habari za kwao. Kijana akafurahi. Akavaa koti safi na viatu vipya, akafikiri moyoni: «Leo mimi ni mgeni mkubwa.»

1. Mlangoni

Asubuhi aliwaona watoto wanakuja kwa miguu, kikundi kwa kikundi. Mkubwa anatangulia, wadogo wanamfuata. Kila mmoja amebeba mgongoni mfuko mgumu. Akauliza: «Mfuko huu unaitwaje?» Wakajibu: «Randoseru.» Kijana akacheka, maana neno hilo lilitoka zamani katika Kiholanzi, lugha ya kwao. Kwao mfuko wa askari wa kubeba mgongoni huitwa ransel. Basi neno la kwao lilikuwa limefika Japani kabla yake!

Karibu na mlango pana kabati lenye nafasi nyingi ndogo. Watoto huvua viatu vya njiani, huviweka humo, kisha huvaa viatu vyepesi vya ndani. Mgeni akapewa ndara. Viatu vyake vipya vikabaki mlangoni pamoja na vya wengine.

2. Darasani

Mtoto wa zamu akasema kwa sauti: «Simameni!» Wote wakasimama, wakainama kumsalimu mwalimu na mgeni.

Kisha watoto wakataka kumfundisha kuandika. Wajapani wana herufi za namna mbili, na kila namna ina herufi 46. Tena wana alama zilizotoka China zamani, na kila alama ina maana yake. Mwaka wa kwanza mtoto hujifunza alama 80. Akimaliza miaka sita, amejifunza alama 1,026. Mtoto mmoja alimwonyesha mgeni namna ya kuandika «mlima». Ni mistari mitatu tu, lakini lazima kuanza na ule wa katikati. Mgeni alianza na wa kushoto. Mtoto akamshika mkono polepole, akamwongoza.

3. Chakula cha adhuhuri

Saa sita ilipopita, watoto wa zamu walivaa kanzu nyeupe na kofia, wakafunika mdomo na pua. Wakaleta vyungu vya chakula, wakawagawia wenzao wali, supu na samaki, na kila mmoja maziwa yake. Hakuna aliyeanza kula kabla ya mwenzake kupata. Wote walipokwisha kupata, waliunganisha mikono, wakasema pamoja: «Itadakimasu», maana yake: napokea kwa unyenyekevu. Mwalimu naye alikula chakula kile kile, pamoja nao darasani.

Desturi ya kuwapa watoto chakula shuleni ilianza mwaka wa 1889 katika mji wa Tsuruoka. Shule moja ya huko ilikuwa na watoto maskini wasioweza kuleta chakula, ikawapa wali na samaki. Mwaka wa 1954 serikali ilitoa sheria juu ya chakula cha shuleni kwa nchi yote.

4. Kazi

Baada ya chakula na michezo, kengele ililia. Kijana alifikiri ni saa ya somo jingine. Lakini watoto walisukuma meza na viti upande mmoja. Wengine wakachukua mifagio, wengine ndoo za maji. Wengine walikamua vitambaa, wakainama, wakaweka mikono miwili juu ya kitambaa, wakakimbia hivyo toka ukuta hata ukuta, wakipangusa sakafu. Wengine walikwenda kusafisha vyoo. Mwalimu naye alikunja mikono ya shati, akafagia.

Mgeni alisimama kando, asijue la kufanya. Mtoto mmoja wa kike akamjia, akampa kitambaa kwa mikono miwili. Sisi husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kumbe huko hawakungoja siku ya tatu! Kijana akavua koti, akainama. Mwanzo watoto walicheka, maana mgeni alikuwa mrefu na magoti yake yaligonga sakafu.

Walipokuwa wakikamua vitambaa, yule mtoto akamwuliza:

«Kaka, kwenu nani husafisha darasa?»

«Watumishi. Huja jioni, sisi tumekwisha kwenda nyumbani.»

«Wanaitwa nani?»

Kijana akanyamaza. Alikuwa amesoma kwao miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alikuta darasa safi, ubao umefutwa, vikapu vya takataka vitupu. Alimkumbuka mama mmoja mwenye ndoo, aliyekutana naye mara nyingi njiani. Lakini jina lake hakulijua.

«Sijui,» akajibu.

Mtoto akamtazama kwa mshangao. «Basi, huwashukuruje?»

Kijana hakuwa na jibu. Akachukua kitambaa, akarudi kupangusa. Safari hii watoto hawakucheka.

Jioni, mwalimu alimweleza: «Hatuwapi watoto kazi hii kama adhabu. Ni somo, kama kuhesabu na kuandika. Anayefagia anajua vumbi linatoka wapi, naye huangalia mahali anapotupa karatasi. Tena anajua uzito wa kazi ya mwenziwe.»

Usiku ule kijana aliandika barua kwa mwalimu wake wa zamani huko Antwerpen. Hakuandika mengi juu ya Japani. Aliuliza neno moja tu: jina la yule mama mwenye ndoo.

Maneno

Zamu: kazi ya leo yangu, kesho ya mwenzangu.
Kukamua kitambaa: kukisokota kusudi maji yatoke.
Kupangusa: kuondoa vumbi au maji kwa kitambaa.

Maulizo

1. Kwa nini kijana alicheka aliposikia neno randoseru?
2. Mtoto wa Japani hujifunza alama ngapi mwaka wa kwanza? Zinabaki ngapi za kujifunza katika miaka mitano inayofuata?
3. Kwa nini watoto hawakuanza kula mara moja?
4. Mwalimu alifanya nini wakati wa kusafisha? Angekaa tu kitini, watoto wangefikiri nini juu ya kazi ile?
5. Kwa nini kijana alinyamaza alipoulizwa majina ya watumishi?
6. Kazi ya kuandika: Nani huchota maji, hukata majani, hufagia shule yetu? Andika jina la mmoja wao, na maneno matatu ya kumshukuru. Kesho umpelekee.